Kabla ya Kupunguza

Mtu akipima maji ya bahari kila siku saa sita mchana, kwa kijiti kilichotiwa alama vizuri na kwa jicho makini, mwaka mzima bila kuruka siku, atamaliza mwaka akiwa na daftari linalodanganya. Kila namba iliyomo itakuwa ya kweli. Siku ile, saa ile, maji yalikuwa palepale alipoandika. Lakini akizichora namba zake ataona bahari ikipanda taratibu kwa wiki nzima na kushuka taratibu kwa wiki inayofuata, mzunguko mmoja kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi. Ni mchoro laini, wa kupendeza, na bahari haina mwendo kama huo. Kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana kwa kuwa yanamfuata mwezi. Kuchelewa huko, kukipimwa na saa sita isiyosogea, ndiko kunakozaa wimbi la wiki mbili.

Tena wimbi hilo limevaa sura ya kitu tunachokijua. Kati ya bamvua na bamvua hupita siku hizohizo 14 na robo tatu, kwa hiyo mpimaji wetu atafurahi akidhani ndiyo bamvua aliyoiona. Hajaiona. Siku za bamvua maji hujaa sana na kupwa sana ndani ya siku ileile. Unguja tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, kisha siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Mama anayelima mwani Paje au Jambiani anajua hayo bila grafu, kwa sababu siku za bamvua ndizo anazofika kwenye kamba zake kwa miguu. Daftari la saa sita haliwezi kumwonyesha kupwa na kujaa hata mara moja, maana yote mawili yanatokea kati ya saa sita ya leo na saa sita ya kesho.

Sehemu ya maji inayovutwa na jua ina namna yake ya kujificha. Mzunguko wake ni saa 12 kamili, basi saa sita ya kila siku huikuta imesimama mahali palepale. Haionekani kuwa wimbi hata kidogo. Inaingia ndani ya wastani na kukaa humo, ikihesabiwa kuwa ndio usawa wa bahari wenyewe. Apime miaka 50, na kosa hilo halitapungua hata kwa milimita moja.

Wahandisi wanaoshughulika na ishara huiita hali hii aliasi: mwendo wa haraka, ukipimwa kwa nafasi zilizo mbalimbali mno, hurudi kwenye namba zako ukiwa na sura ya mwendo wa polepole. Nimekuwa nikiifikiria kwa muda kama suala la maadili, zaidi ya suala la umeme na hesabu, kwa sababu inagusa mahali ambapo malezi yetu ya kazi hayafiki. Tumelelewa kumwogopa anayebuni. Karani anayeandika namba kichwani, mpimaji anayejaza fomu chini ya mwembe, hao tunawajua na tunawasema. Huyu wa saa sita hakubuni chochote. Kosa lake liko katika alichokiacha, na alikiacha akiamini kwamba kitu kisipoandikwa kimeondoka. Hakikuondoka. Kiliingia kwenye daftari kwa mlango mwingine.

Kanuni yenyewe inajulikana siku nyingi. Harry Nyquist wa kampuni ya AT&T huko Marekani aliandika mwaka 1928 kuhusu mwendo wa ishara za telegrafu. Vladimir Kotelnikov aliithibitisha Urusi ya Kisovyeti mwaka 1933. Claude Shannon akaiweka katika umbo linalofundishwa hadi leo mwaka 1949. Kwa maneno ya kawaida: kila mzunguko unaotaka kuujua uupime zaidi ya mara mbili. Usipoweza, basi mwendo huo uuondoe kwanza, kabla hujapima. Nusu ya kwanza ya kanuni ndiyo inayokumbukwa na watu. Mimi nashikilia nusu ya pili.

Tazama simu. Mtandao wa kawaida wa simu, tangu ulipoanza kugeuza sauti kuwa namba, hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo unaweza kubeba kwa uaminifu mitetemo isiyofika 4,000 kwa sekunde, na kwa desturi hubeba ile ya kuanzia 300 hadi 3,400 tu. Sauti ya binadamu inavuka hapo. Herufi s, hewa inapopenya kati ya ulimi na meno, ina nguvu nyingi juu ya 4,000. Ikipimwa hivyohivyo bila kuchujwa, mtetemo wa 5,000 utarudi kama wa 3,000, wa 6,000 kama wa 2,000, wa 7,000 kama wa 1,000. Kila s ingeanguka katikati ya maneno ikiwa kelele zenye umbo la sauti. Kwa hiyo mafundi waliweka chujio mbele ya kipimo: kilicho juu hakipiti. Ndiyo maana s na f hukaribiana mno kwenye simu ya aina hiyo, na mtu anayetaja jina lake kwa karani hulazimika kusema, “S ya Salama, si F ya Fatuma.” Tunapoteza kitu, na tunajua tunakipoteza. Simu imetunyima sehemu ya sauti ya mwenzetu lakini haijamsingizia kusema asichosema.

Tofauti hiyo, kati ya kunyimwa na kusingiziwa, ndiyo ninayoona ina uzito. Kupunguza hakuna ubaya. Hakuna anayeweza kubeba kila kitu, na anayedai kubeba kila kitu hajawahi kuandaa taarifa ya mwezi. Swali ni kama ulichokiacha umekitoa nje kweli, au umekiacha kipenye na kukaa kwenye kiti cha mtu mwingine.

Kuna ugumu mmoja hapa ambao haufanani na makosa mengine ya kazi. Wimbi likishavaa sura ya jingine, namba zake ni zilezile. Mtetemo wa 7,000 uliopimwa mara 8,000 kwa sekunde na mtetemo halisi wa 1,000 huacha safu ya namba isiyotofautiana kwa lolote. Hakuna mkaguzi atakayekuja kesho na kuzitenganisha, hata awe na kompyuta ya namna gani. Hesabu mbovu ya fedha huacha pengo, na saini ya kughushi huacha mkono wake. Hili haliachi alama. Kwa hiyo uaminifu wote umewekwa mikononi mwa aliyetangulia, yule aliyesimama kwenye chanzo kabla ya kupunguza, na wanaokuja nyuma yake hawana namna ya kumsaidia wala kumhukumu. Hiyo ni amana, tena ya aina nzito, kwa sababu mwenye mali hayupo na hatajua.

Bandarini amana hiyo imepewa umbo la bomba. Mitambo ya kupima usawa wa bahari iliyojengwa kwa mtindo wa zamani ina bomba pana lililosimamishwa wima kwenye ukuta wa gati, mdomo wake wa chini ukiwa umezibwa isipokuwa tundu dogo. Kwa desturi upana wa tundu ni kama sehemu moja ya kumi ya upana wa bomba. Nje, mawimbi ya upepo yanapiga ukuta kila baada ya sekunde kadhaa. Ndani, maji hayawahi kupanda wala kushuka na kila wimbi, maana tundu haliruhusu maji ya kutosha kupita kwa muda mfupi hivyo. Yanapanda na kushuka na bahari inayojaa na kupwa tu, taratibu, na boya linaelea juu yake bila kurukaruka. Kipimo kinasoma boya.

Toa tundu, acha mdomo wazi, kisha soma kina kila baada ya dakika 6. Wimbi lenye mzunguko wa sekunde 9.99 litapita mara 36 na kidogo kati ya usomaji mmoja na unaofuata. Kile kidogo ndicho kitakachoonekana: litajichora kama wimbi la muda wa saa 2 na dakika 46. Mtaalamu akiliona atatafuta sababu yake kwenye umbo la ghuba au kwenye upepo, na anaweza kuandika makala nzuri kuhusu mtikisiko wa maji ambao haujawahi kuwapo. Nalipenda lile tundu kuliko kifaa chochote cha umeme nilichowahi kukisoma. Halihitaji betri, halihesabu chochote, na linafanya kazi yake mahali pekee ambapo kazi hiyo inaweza kufanyika, yaani kabla.

Tundu linatuliza mawimbi ya sekunde. Kujaa na kupwa kwenyewe linakuacha kupite, na ndivyo inavyotakiwa. Shida inarudi pale mtu anapotaka kupunguza tena: ana namba kwa kila saa, anataka moja kwa kila siku, ili apate mwenendo wa miezi na miaka. Huku kupunguza namba zilizokwisha kupimwa, kubakiza moja na kutupa nyingi, kunaitwa desimesheni, na kanuni ni ileile. Njia ya haraka ni kuchukua wastani wa saa 24. Inaonekana ya haki kabisa, kila saa imepewa sauti sawa. Lakini maji ya mwezi hayamalizi mizunguko yake ndani ya saa 24. Mzunguko mmoja ni saa 12 na dakika 25, basi mizunguko miwili inabaki na kipande nje ya siku. Kipande hicho huvuja. Kama mwezi unainua maji kwa mita 1 juu ya wastani, sentimita 3 na nusu hivi zitapenya kwenye wastani wa kila siku na kujitokeza, kwa mara nyingine, kama wimbi la siku 14 na robo tatu. Bahari za dunia zimekuwa zikipanda kwa wastani wa milimita 3 na kitu kwa mwaka tangu satelaiti zilipoanza kuzipima vizuri miaka ya 1990. Anayetafuta milimita hana ruhusa ya kuvujisha sentimita.

Arthur Doodson wa Liverpool, ambaye hesabu zake za maji zilitumiwa kupanga siku ya majeshi kutua Normandy mwezi Juni 1944, aliacha chujio ambalo bado linatumika. Linachukua saa 39 badala ya 24: saa ya katikati, 19 kabla yake na 19 baada yake. Kila saa inapewa uzito. Kuanzia ukingoni kuelekea katikati uzito ni 1, 0, 1, 0, 0, 1, 0, 1, 1, 0, 2, 0, 1, 1, 0, 2, 1, 1, 2. Kisha saa ya katikati. Kisha uzito uleule kwa kurudi nyuma. Jumla unaigawa kwa 30. Ni hesabu ambayo karani angeimaliza kwa kalamu, kwa kuwa hakuna cha kuzidisha isipokuwa kwa mbili. Na saa ya katikati, ile ambayo jibu litabeba jina lake, uzito wake ni 0. Saa sita mchana ya siku hiyo haisemi neno lolote kuhusu siku hiyo. Inasemewa na majirani zake, kwa mpangilio ambao kujaa kwa huyu kunafutwa na kupwa kwa yule.

Nimekaa na zile namba kwa muda mrefu kuliko zinavyostahili pengine, nikizijumlisha kwa mkono. Kinachonigusa ni gharama ambayo mtumiaji anakubali kulipa. Saa 19 za mwanzo wa kumbukumbu hazipati jibu, na 19 za mwisho pia, kwa sababu hazina majirani wa upande mmoja. Umeme ukikatika na mtambo ukakosa saa moja, kila jibu linaloitegemea saa hiyo linaingia shaka. Mwenye haraka ataona ni hasara. Lakini afadhali siku iachwe wazi kwenye jedwali kuliko kujazwa namba ambayo ndani yake kuna mwezi uliojificha.

Na kisingizio cha gharama ya kukokotoa hakina nguvu siku hizi. Mtu anayeshusha sauti kutoka sampuli (yaani vipimo) 48,000 kwa sekunde hadi 8,000 anabakiza moja kati ya kila sita. Akiandika programu ya kuokota kila ya sita, mstari mmoja unatosha, na kompyuta haitamlalamikia. Itampa faili dogo, safi, linalocheza. Akichuja kwanza atahitaji kuzidisha na kujumlisha mara nyingi, ila hana haja ya kuchuja kila sampuli: anaweza kukokotoa jibu la chujio pale tu penye sampuli atakayoibakiza, na kazi ikawa sehemu moja ya sita. Waliobuni mpangilio huo waliondoa sababu ya mwisho ya kufanya vibaya.

Ziko hali ambazo huwezi kuchuja kabla. Satelaiti haina bomba. Inapita juu ya bahari, inapima usawa wake kwa kufumba na kufumbua, inaondoka. TOPEX/Poseidon, iliyorushwa na Marekani na Ufaransa Agosti 1992, ilirudi juu ya sehemu ileile kila baada ya siku 9.9 hivi, ilhali maji ya mwezi yanajaa na kupwa mara kumi na tisa katika muda huo. Aliasi haikuepukika, na waliopanga safari yake walilijua hilo tangu mwanzo. Satelaiti nyingi za kupiga picha hufuata njia inayozipitisha mahali kwa saa ileile ya jua, jambo linalofaa sana kwa picha. Kwa bahari lingekuwa lile daftari la saa sita: maji ya jua yangeganda ndani ya wastani milele. Basi wakaitafuta njia nyingine, kwenye kimo cha kilomita 1,336, ambamo maji ya mwezi yangejitokeza kama mzunguko wa siku 62 na ya jua kama siku 59 hivi. Sura zote mbili ni za bandia, lakini kila moja inajulikana ni ya nani, na ukiwa na kumbukumbu za miaka mitatu unaweza kuzitenganisha. Hata hivyo kijiwimbi cha siku 59 kiliendelea kuonekana katika mfululizo wa wastani wa bahari za dunia uliotokana na satelaiti za aina hiyo, na watafiti wakakifuatilia hadi kwenye masahihisho ya maji ya jua. Walijua wapi pa kuanzia kukishuku, kwa kuwa anwani yake ilikuwa imeandikwa kabla ya safari.

Mkaguzi anayefika kituo cha afya kila Jumatatu saa nne asubuhi, siku ambayo wahudumu wote wapo na dawa zimepangwa, yuko kwenye njia ile ya saa ileile ya jua. Hatadanganywa na mtu. Ataandika alichokiona, na hali ya Ijumaa jioni itaganda ndani ya taarifa yake kama kitu kisichokuwapo. Kubadilisha siku ya kufika hakumpi uwezo wa kuona kila saa, lakini kunamwondoa kwenye mdundo wa kile anachokikagua.

Lipo jambo ambalo mpenda chujio anapaswa kuambiwa waziwazi, nami ni mmoja wao. Chujio linasafisha kwa ajili ya swali moja na kufumba macho kwa swali jingine. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyotoka pwani ya Sumatra ilivuka Bahari ya Hindi yote na kufika Somalia, Kenya na Tanzania, ikaua watu, wengi wao Somalia. Mawimbi ya namna hiyo yana mizunguko ya makumi ya dakika. Kwa anayetafuta kupanda kwa bahari kwa miaka, hiyo ni fujo ya kuondolewa, na chujio la Doodson huiondoa vizuri kabisa. Kwa anayetaka kumwonya mtu aliye ufukweni, hiyo ndiyo habari yenyewe. Baada ya msiba ule mitambo mingi ya Bahari ya Hindi iliboreshwa ili ipime kila baada ya muda mfupi zaidi na kutuma namba zake papo hapo. Hakuna chujio moja la haki kwa kila mtu. Ndiyo maana namba mbichi zinapaswa kuhifadhiwa pamoja na zilizochujwa, na ndiyo maana aliyepunguza anapaswa kusema alipunguzaje.

Mitambo ya Zanzibar na Mombasa imekuwa ikiandika bahari tangu miaka ya 1980, na kumbukumbu zake zimo katika hazina ya usawa wa bahari ya dunia iliyoanzishwa mwaka 1933, ambayo sasa iko Liverpool. Faili la namna hiyo likitunzwa vizuri, juu ya namba kuna mistari michache ya maelezo: kipimo ni cha aina gani, kilisoma kila baada ya muda gani, wastani wa siku ulipatikana kwa chujio lipi, saa ngapi zilikosekana na zilifanywaje. Mistari hiyo huandikwa na mtu ambaye jina lake halitajwi kwenye makala zinazotokana na kazi yake. Faili lisilokuwa nayo, hata likiwa na miaka mingi na namba zilizonyooka, nitalitumia kujua kama maji yalikuwepo bandarini. Kupanda kwa bahari sitalihesabu humo.